Ukurasa Uliozimika Makambako

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa Manda, wilaya ya Ludewa, pale ambapo mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kusema "tumshukuru Mungu", nikarudi nyumbani. Tangu hapo naandika riwaya. Huu ni mwaka wa nne. Mwaka jana ilibaki kidogo iishe, halafu umeme ukakatika.

Najua utaniuliza, "Kwani we ndiye wa kwanza kukatikiwa umeme?" Hapana. Lakini kilichozimika siku ile hakikuwa taa. Kaa basi nikusimulie, maana na wewe unaandika, na lililonipata mimi leo laweza kukupata kesho.

Riwaya yangu imo katika kaunta buku nne. Kila niliyemuuliza habari za kuchapisha kitabu alinijibu jambo lile lile: siku hizi hakuna anayesoma mwandiko wa mkono, kataipu kwanza. Bei niliyoambiwa ilikuwa shilingi elfu moja kwa ukurasa. Msimu mzima nilianika na kuuza dagaa, nikabeba magunia ya muhogo gulioni, nikajinyima hata soda, nikapata laki na nusu. Nikazifunga kaunta buku zangu kwenye mfuko wa nailoni, nikaagana na mama, nikapanda gari.

Kutoka Manda ni kupanda tu. Barabara ya Itoni hadi Manda kupitia Ludewa ina kilometa 211, na kipande cha Lusitu mpaka Mawengi kimemwagwa zege kwa sababu ya milima na mvua. Unaondoka ziwani ukiwa na fulana, ukifika Njombe meno yanagongana. Sikushuka Njombe. Niliendelea mpaka Makambako, kwa shangazi yangu anayeuza mitumba karibu na stendi. Nilifikiri pale mjini, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA zinakutana, hata riwaya ya mtoto wa mvuvi itapata njia ya kutokea.

Steshenari niliyoelekezwa ilikuwa na kompyuta moja ya zamani, yenye kelele kama kinu. Dada wa kutaipu alifungua kaunta buku ya kwanza, akasoma mistari mitatu, akaguna.

"Mdogo wangu, huu mwandiko au kuku kakanyaga matope?"

"Samahani dada."

"Mi sitaweza. Kaa hapa utaipu mwenyewe. Nitakukata bei, utalipia muda tu."

Nikakaa. Siku ya kwanza nilitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Siku ya pili vidole vikaanza kujua njia. Siku ya tatu nikafika sura ya tisa, na hapo ndipo penye kisa.

Katika kaunta buku, sura ya tisa ilikuwa na kichwa cha habari tu. Chini yake kurasa nyeupe. Ni sura ya usiku ambao baba anakwenda ziwani na harudi. Msomaji, sura hiyo sikuibuni. Baba yangu alikwenda ziwani nikiwa na miaka kumi na moja, upepo wa mwera ukaamka, na mtumbwi ulipatikana baada ya siku mbili bila mtu. Kila nilipojaribu kuandika kwa kalamu nilishindwa. Nikiandika sentensi ya uongo nilikuwa naikata, lakini ikikatwa bado ipo pale pale, imelala chini ya mstari, inanitazama. Baada ya sentensi tatu za namna hiyo nilikuwa nafunga kaunta buku na kutoka nje.

Kwenye kioo mambo yakawa mengine. Niliandika, sikupenda, nikafuta. Hakuna alama, hakuna shahidi. Nikaandika tena. Kwa jioni mbili nilikaa pale nikiwa nimeisahau njaa, na sura ikatoka. Kurasa kumi na nne! Dada wa steshenari alisoma nyuma ya bega langu, akanyamaza, akaenda kusimama mlangoni. Nikajua nimeandika.

Halafu pap! Giza. Mashine ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Chini ya meza kulikuwa na yupiesi, lakini betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Umeme uliporudi, mashine ikakoroma, krr, krr, na haikuwaka tena.

"Ulisevu?" dada akauliza.

Nilikuwa nimesevu sura ya kwanza mpaka ya nane siku zilizopita. Ya tisa nilikuwa naiandika tu. Hata hivyo haikuwa na tofauti, kwa sababu na diski nayo ilikuwa imekwenda.

Tulimpelekea fundi, milango miwili kutoka pale. Kibanda chake kilijaa makasha ya kompyuta zilizokufa, yamepangwa kama matofali. Alifungua kasha letu, akapuliza vumbi, akatoa kijiti kirefu chembamba.

"Mdogo wangu, hii ni ramu. Ukurasa wako ulikuwa humu. Humu kitu kinaishi kwa umeme. Umeme ukikata, kinakufa. Na hii hapa," akagonga boksi la chuma, "ndiyo diski. Hapa ndipo panapotunza. Sasa kichwa chake cha kusomea kimegusa sahani. Imekwaruza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pole."

Nilikaa kwenye kreti la soda. Nadhani alinionea huruma, kwani aliniambia neno ambalo sikulitegemea: "Ujue mashine hii unayoilaani babu yake alibuniwa kwa ajili ya watu kama wewe, watu wa kurasa." Akanitajia jina: Alto. Usiku ule, nyumbani kwa shangazi, nilisoma habari zake kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nikaendelea kusoma hata niliporudi Manda. Nilikuwa kama mtu anayetafuta ukoo wa ng'ombe aliyempiga pembe.

Zamani kompyuta ilikuwa mali ya jengo zima. Mtambo ulikaa chumba chake, ukahudumiwa na watu wake, na wewe mwenye shida uliacha kazi yako na kurudi baadaye kuchukua majibu, au mligawana mtambo mmoja watu wengi. Mwaka 1970 kampuni ya Xerox, ile ya mashine za fotokopi, ilifungua kituo cha utafiti katika mji wa Palo Alto, jimbo la California huko Marekani. Wataalamu wa pale wakajiuliza: je, kila mtu akiwa na kompyuta yake mezani? Mwishoni mwa mwaka 1972 Butler Lampson aliandika waraka wa kuiomba kampuni ijenge mtambo huo, na Chuck Thacker akausanifu. Mwaka 1973 ukawaka. Wakauita Alto, kwa jina la mji wao.

Sasa tazama walivyoutengeneza. Mwili wake ulikuwa kasha la kimo cha friji ndogo, likikaa chini ya meza. Ndani hakukuwa na ubongo wa kipande kimoja kama tulivyozoea sasa. Waliunganisha vijisehemu vingi vidogo juu ya bodi kadhaa mpaka vikafanya kazi ya ubongo. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128. Simu yangu ya mchina yenye ufa kiooni ina maelfu kwa maelfu ya hizo. Diski yake ilikuwa sahani unayoweza kuichomoa na kuondoka nayo, ikibeba megabaiti 2.5. Kulikuwa na kibodi, na kipanya cha vitufe vitatu.

Lakini kilichonisimamisha ni kioo. Kioo cha Alto hakikulala kama televisheni. Kilisimama, kimo kirefu kuliko upana, kama karatasi! Kilikuwa na nukta 606 kwenda kulia na 808 kwenda chini, na kila nukta mashine iliweza kuiwasha au kuizima peke yake. Ndiyo maana kiliweza kuonyesha herufi nene, herufi za mlalo, hata picha, jinsi zitakavyotoka kwenye karatasi. Piga hesabu: nukta hizo zinakaribia 490,000, na kila moja ilitaka nafasi yake kwenye kumbukumbu. Ukijaza kioo kizima, karibu nusu ya kumbukumbu yote imekwisha. Yaani watu wale walikuwa na mtambo wenye akili kidogo mno, na bado wakakubali nusu ya akili hiyo iwe ya kushika ukurasa mmoja tu uonekane mbele ya macho ya anayeandika.

Juu ya Alto, mwaka 1974, Lampson na kijana mmoja aliyezaliwa Hungaria, Charles Simonyi, waliunda programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ndiyo ya kwanza iliyokuonyesha ukurasa kiooni kama utakavyochapwa. Simonyi alihamia Microsoft mwaka 1981, na humo akaongoza kazi iliyozaa Word. Kwa hiyo zile jioni zangu mbili za Makambako, ule uhuru wa kuandika na kufuta bila shahidi, mizizi yake iko pale.

Na hapo nikakuta jambo lililonifanya nicheke peke yangu gizani. Alto nao ulikuwa unaanguka katikati ya kazi, na wenyewe walilijua hilo. Basi Bravo ilikuwa ikitunza kwenye diski orodha ya ulichofanya: umeandika hiki, umefuta kile. Mashine ikianguka, uliiwasha, ukaiamuru irudie, nayo ikarudia kazi yako hatua kwa hatua mbele ya macho yako. Kumbe hata waliobuni ukurasa wa umeme hawakuuamini peke yake!

Nilipomsimulia baba mkubwa habari hizi, tulikuwa tumekaa kwake tunatazama ziwa. Baba mkubwa alikuwa karani wa shirika moja la umma huko Dar es Salaam, miaka ya 1980, akipiga taipu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema mwaka gani hiyo Bravo?"

"1974, baba."

"Aa. Mwaka huo sisi tulikatazwa."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Kompyuta ya kwanza hapa kwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, mali ya kampuni ya Kiingereza, ingawa kwa asili ulikuwa mtambo wa kampuni ya RCA ya Marekani uliobandikwa jina jingine. Mwaka 1968 kampuni hiyo iliungana na wenzake ikawa ICL. Kufikia mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba. Zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, zilitegemea wataalamu wa nje, na hesabu za serikali zilizohamishiwa humo zikavurugika. Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kamba ililegezwa taratibu, na ni miaka ya 1990 tu milango ilipofunguka kweli.

Mwanzoni nilitaka kukasirika. Mwaka 1973, Alto ulipowaka, mafundi wa reli ya TAZARA walikuwa wamekwisha kuipita Makambako na kufika mpakani Tunduma. Mwaka 1974, Bravo ilipoandikwa, sisi tukafunga mlango. Na mwaka huo huo wa 1974, katika mji wa Pittsburgh, ilianzishwa kampuni ya Three Rivers, yaani Mito Mitatu, kwa sababu mji ule umekaa mahali mito inapokutana. Kampuni hiyo ilitengeneza PERQ, mtoto wa Alto kwa mawazo: kioo kilichosimama kama karatasi, nukta 768 kwa 1,024, maandishi meusi juu ya weupe, na ndani yake diski yenye sahani pana ya inchi 14. PERQ ulitolewa kuuzwa, haukubaki maabara. Na unajua nani aliuingiza Uingereza na kuuunda huko, kuanzia mwaka 1981? ICL! Kampuni ile ile ambayo mitambo yake ilituvuruga Dar es Salaam. Sisi tulijua mashine yao ya kuhesabia. Ile yenye ukurasa hatukuletewa, na hata ingeletwa ingekuta mlango umefungwa.

"Usikasirike," baba mkubwa akasema. "Mtambo wa kuhesabu mishahara ya nchi nzima ukikosea, hakuna anayekula. Waliogopa. Mtu aliyeungua hunawa hata maji ya baridi kwa uangalifu."

"Lakini tulichelewa, baba."

"Tulichelewa. Lakini hatukukaa bila kuandika." Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi nyeusi, laini, zimekunjamana. Kaboni. "Kila barua niliyopiga niliweka hii katikati, na karatasi nyingine chini. Bosi akipoteza yake, mimi ninayo. Karani asiyeweka kaboni hana kazi kesho. Hao Wamarekani wako na hiyo Bravo, walichofanya ni nini? Si waliweka kaboni?"

Sikuwa na jibu. Nikazichukua zile karatasi.

Nilitaka basi na mimi nirudie hatua kwa hatua, kama Bravo. Nilikaa chini ya mwembe nikajaribu kuikumbuka sura ya tisa sentensi kwa sentensi. Lakini wapi! Niliikumbuka sehemu moja tu vizuri, ile niliyoipenda kuliko zote: baba amesimama mlangoni, karabai mkononi, anawaaga watoto wake kwa maneno mazito, kama mtu anayejua harudi. Ndiyo sehemu iliyomnyamazisha dada wa steshenari. Ili nipate yaliyobaki, ilinibidi nimwendee mama. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza habari za usiku ule.

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuacha kuchambua.

"Hakuaga," akasema. "Nani kakwambia aliaga? Aliondoka, akafika pale kwenye mkorosho, akarudi. Alisahau kiberiti. Akachukua, akasema, 'Huo mlango ufungeni vizuri, mbuzi wataingia.' Ndiyo basi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu." Akatupa dagaa mmoja mbovu pembeni. "Na mimi sikuufunga. Niliuacha mpaka asubuhi."

Ndugu msomaji, nimeandika miaka minne, sijawahi kuandika sentensi inayofanana na hiyo. Kurasa zangu kumi na nne za Makambako zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa za kweli. Kioo kilinipa uhuru wa kufuta, nikautumia kufuta kila kilichoniuma, nikabaki na kile kinachopendeza. Simlaumu aliyebuni. Alto ulishika ukurasa. Haukuahidi kujua kilichotokea mlangoni kwetu.

Wala usinielewe vibaya ukadhani nakuambia uikimbie kompyuta. Sina wazimu huo. Mlango uliofungwa mwaka 1974 ulifunguliwa, na watu wetu waliingia: mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nyuma ya Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo maagizo yake yote ni ya Kiswahili. Siku niliyoisoma habari hiyo nilitembea kijijini kama mtu aliyepata barua kutoka kwa ndugu. Meza ile ni yetu pia. Tulifika jioni, lakini tumefika, na anayefika jioni asiseme hapana kiti kabla hajakitafuta.

Ninachokuambia ni cha kikarani tu. Sevu. Toa nakala kwenye fleshi, na fleshi usiiache pale pale penye mashine. Ukiwa na shilingi mia za kuprinti, printi. Na kama sura inakuuma, iandike kwanza kwa mkono, na ile sentensi uliyoikata iache ilale pale ikutazame. Huenda ndiyo pekee iliyosema kweli.

Sura ya tisa sasa ina kurasa sita, si kumi na nne. Nimeiandika kwa kalamu ya wino, nikikandamiza sana, na kaboni ya baba mkubwa katikati. Makosa yangu yote yametokea mara mbili: mara moja kwa bluu, mara moja kwa weusi hafifu wa chini. Nakala moja ipo kwa mama, ameiweka kwenye sanduku pamoja na vitenge vyake. Hajui kusoma vizuri, lakini aliniomba nimsomee, na nilipofika kwenye mlango na mbuzi alitikisa kichwa, akasema, "Ehee."

Mwezi ujao, dagaa wakitoka, napanda tena Makambako. Dada wa steshenari ameniambia amenunua betri.